Kadi ya Pazia

Nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka ishirini na sita, na nina kasoro moja: mteja akianza kunieleza mashine yake inaumwa nini, namkatiza. Mke wangu alikuwa akisema ipo siku nitamkatiza hata malaika wa mauti. Malaika alimjia yeye kwanza, na mimi sikupata la kusema.

Mashine yetu wenyewe ilikuwa chumbani, kando ya kitanda chake, ili nikicheza gemu nisiwe mbali naye. Ilikuwa na kadi mbili za picha, vile vibao vya ndani vinavyochora kinachoonekana kwenye skrini. Watu hudhani ukiweka kadi mbili, zote zinachora. Zangu nilizigawia kazi. Ile kubwa ilichora kuta, nyuso na mwanga. Ile ndogo haikuchora hata mstari. Ilipiga hesabu za vitu vinavyotikisika tu: moshi uelekee wapi, kioo kikivunjika vipande vianguke vipi, nguo ikipulizwa ijikunje wapi. Ukiizima, gemu haipungukiwi kitu. Mlango utafunguka na adui atakufa vilevile. Ni mapambo, na mimi si mtu wa mapambo. Niliiweka kwa ajili ya pazia.

Kwenye gemu moja ya zamani kulikuwa na ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi dirisha lenye pazia jeupe linalogusa sakafu. Siku ya kwanza nilipopita pale, mke wangu akasema kutoka kitandani, "Simama hapo."

"Nisimame vipi, mama watoto? Si unaona wanakuja?"

"Waje. Simama nilione."

Nikatoa mikono kwenye kibodi, nikasogeza kiti. Mkono wake ukaja kwenye wangu. Tukatazama pazia likivimba na kushuka mpaka adui akanifikia akaniua, tukacheka kama wehu.

Tangu hapo ikawa desturi ya kila alasiri. Hata mwaka wake wa mwisho, hata nikipita pale mbio kama mwizi wa kuku, lazima ningesikia, "Simama hapo." Hakukosea hata mara moja. Kilichonikera ni feni ya ile kadi ndogo tu. Ilikuwa na kelele, na mara mbili nilishika bisibisi niibadilishe. Mara zote mbili aliniambia, "Iache bwana, hainisumbui."

Alipofariki sikuigusa mashine kwa miezi minane. Kisha nikanunua kadi mpya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ilichora vizuri kuliko zile mbili zikijumlishwa, tena kimya kabisa. Ile kubwa nikaiweka kabatini, ndogo nikampa jirani yangu mpiga picha. Mbili za nini tena?

Wiki iliyopita nilimkumbuka sana mke wangu. Nikafungua gemu, nikaenda ukumbini. Kuta ziling'aa kuliko zamani, lakini pazia halikuwa lile. Kadi mpya haizijui hesabu hizo za kizamani, ikamtupia mzigo prosesa, ubongo mkuu wa mashine, naye kuzipiga hesabu ndogo ndogo maelfu kwa wakati mmoja hajazoea. Pazia likawa linanyanyuka kama blanketi linalotolewa kwenye beseni la maji, picha ikikwama kila hatua. Nikazima mapambo. Likasimama kama bati. Ama kweli, mganga hajigangi.

Jumamosi nikamwendea jirani.

"Fundi, si ulisema hii ni takataka?"

"Nilisema. Nipe takataka yangu."

Nikamwachia ile kubwa ya kabatini, nikarudi nimeikumbatia ndogo kifuani.

Alasiri hiyo binti yangu alikuja kunijulia hali. Ni muuguzi, na ndiye aliyemuuguza mama yake pale nyumbani. Alinikuta nimepiga magoti.

"Baba, unatafuta nini chini ya meza?"

"Nalirudisha pazia la mama yako. Nataka nilione kama alivyokuwa akiliona yeye."

Akakaa kitandani.

"Baba, mama alikuwa halioni."

"Unasema nini wewe? Kila siku..."

"Usinikatize. Mwaka ule wa mwisho macho yalishakwisha. Mwanga na kivuli, basi. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kucheza, utabaki kumwonea huruma."

"Sasa alijuaje kama nimefika kwenye pazia?"

"Feni. Hiyo hiyo ya kadi ndogo. Ukifika ukumbini ilikuwa inaanza kuvuma, hata mimi jikoni naisikia. Mama alikuwa akisema, 'Ikivuma hiyo, baba yako ananipa mkono.'"

Mashine za watu nazijua kwa mlio. Mteja anaiweka mezani, natega sikio, namwambia ugonjwa. Na feni iliyokuwa chumbani mwangu, ikimwita mke wangu kila alasiri, mimi niliisikia kama kelele tu. Nililia palepale chini ya meza, bisibisi mkononi, na binti yangu aliniacha nilie.

Halafu nikakaza skrubu, nikafunga kasha. Nikawasha, nikaikabidhi kadi ndogo kazi yake ya zamani. Nilipofika mlango wa ukumbi nikafumba macho, nikaendelea kutembea kwa kidole tu. Mwanzoni palikuwa kimya. Hatua chache mbele, feni ikaamka, ikavuma na ule mkwaruzo wake.

Nikatoa mikono kwenye kibodi. Mmoja ukaenda wenyewe ukingoni mwa kitanda, kiganja juu. Binti yangu aliuona, lakini hakuushika. Anajua ni mahali pa nani.

Nikasikia viatu vya adui vikija ukumbini. Nikamwacha aje.