Mlango wa Nyuma wa Fisi

Nilikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini, na ukaguzi hauna hodi. Ndiyo maana siku nilipokwenda kuiona bustani ya wanyama ya mjini sikumwambia kitinda mimba wangu, anayefanya kazi huko ya kutunza fisi. Ndiyo, fisi! Mtoto wa kike kaacha kazi ya benki, kiti cha kuzunguka na kiyoyozi, akaenda kufagia kinyesi. Miaka mitatu ananiambia, "Mama, njoo uone," na kila akisema magoti yananiuma. Majirani niliwaambia yuko ofisini.

Bustani inakua, hilo sikatai. Mafundi walikuwa wanachomelea uzio wa banda jipya la twiga, mifuko ya saruji imejaa njiani. Nyani walinifurahisha, mmoja alikuwa na uso wa mwalimu mkuu niliyemjua. Mamba hakujitikisa, lakini angalau alikuwepo. Kufika kwa fisi, lahaula! Banda kubwa, nyasi, mwamba, na fisi hakuna. Nikasimama nusu saa juani natazama nyasi. Mama mmoja pembeni yangu akawaambia wanawe, "Twendeni, hapa tumeliwa."

Getini kuna kitabu cha maoni, na mimi na kitabu cha maoni ni chanda na pete. Nikaandika: "Bustani inafaa kwa kiasi. Banda la fisi ni tupu. Mhusika aulizwe." Nikatia sahihi na cheo.

Ndipo mwanangu akaniona. "Mama! Umekuja!" Akanikumbatia, ananuka nyama mbichi, akanivuta hadi nyuma ya banda, kwenye kidirisha kidogo. Ndani alilala fisi jike mzee, sikio moja limekatika.

"Alifungwa mnyororo uani kwa mtu, wapita njia wanamrushia mawe," alisema kwa sauti ya chini. "Alipoletwa hapa, kila akitazamwa anajing'ata mguu. Nikaomba awe na mlango wa nyuma, ajifiche humu, atoke akitaka mwenyewe. Ona, mama, kidonda kimepona."

"Na watu waliokuja kumwona?"

"Hilo ndilo alilouliza meneja. Alinipa mwezi mmoja. Likiandikwa lalamiko hata moja kitabuni, mlango unafungwa, naye abaki nje mbele ya watu. Mwezi unaisha leo, na halijaandikwa."

"Limeandikwa," nikasema. "Nimeandika mimi."

Alinitazama. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Umeandika ulichokiona, mama," akasema, akamgeukia fisi wake. Roho iliniuma, sitaki kusema uongo.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja. Kitabu kilikuwa tayari mezani, kimefunguliwa. Kazini sikuwahi kurudi nyuma hata mara moja. Nikishaandika nimeandika, walimu walie wasilie.

"Mwandishi wa hayo ni mimi," nikasema, "na nimekosea. Nimekagua bila kuuliza." Nikamweleza habari ya mnyororo, mawe na kidonda. "Wekeni kibao kiseme kwa nini hatoki. Watu si wajinga, wataelewa. Lakini mlango usifungwe."

Akavua miwani. "Bi Mkaguzi, unamfahamu huyu mtunzaji?"

Swali hilo nililijua, nimewauliza wengine mara mia. Nikisema simfahamu, neno langu lina uzito. Nikisema namfahamu, ni upendeleo, na mlango unafungwa. Na kumkana nilishazoea, maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka mitatu kwa majirani.

"Ni mwanangu wa kumzaa," nikasema. "Anatunza fisi, na kazi yake anaijua kuliko nilivyoijua yangu."

Meneja alicheka hadi akakohoa. "Kumbe mama mzazi ndiye aliyemshtaki! Sasa hapo upendeleo uko wapi?" Akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno yangu: "Mlango ubaki. Kibao kitengenezwe."

Kugeuka, mwanangu amesimama kizingitini, koleo mkononi.

"Mama, sema tena."

"Kwamba mlango unabaki?"

"Hapana. Ulivyomjibu alipokuuliza kama unanifahamu."

Nikarudia neno kwa neno, na safari hii sauti ikanikatika katikati.