Masharti ya Kampuni Kubwa

Volkano ilipolipuka, lava ilikula duka langu la kompyuta, hapa mtaani Birere. Mwezi haujaisha nikajenga kibanda cha mbao juu ya lava ileile, ingali na joto chini ya miguu. Ndani niliweka kompyuta moja tu, ile niliyokimbia nayo kichwani hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Chipu yake ni ya kampuni ndogo, bei nafuu, na kazi inafanya.

Akaja papa Onésime, mujumbe wa kampuni kubwa ya chipu, ile iliyojaa katika kompyuta karibu zote za muji.

"Mama Julienne, tutakupa kompyuta kumi kwa bei ya chini. Lakini zenye chipu za wengine usiuze hata moja. Tia sinyatire hapa, jina lako kwenye karatasi hii."

"Papa, waasi wanatawala muji huu kwa bunduki, na hawajanichagulia cha kuuza. Volkano ilichoma duka lote bila kuniomba sinyatire. Wewe unataka nijichomee kibanda mwenyewe, kwa sinyatire yangu?"

Akasema nitakufa njaa. Pengine. Niliikunja karatasi yake mara nne, nikaisukuma chini ya muguu wa meza, pale lava inapoiyumbisha.

Meza ikatulia. Nikawasha kompyuta yangu.