Nyumba Iliyokanwa

Jumanne asubuhi fundi cherehani alikuwa akipiga pasi sketi za wateja wake, nyumba ya mumewe ikafika. Haikuwa ile waliyoishi, mali ya shemeji yake. Hii ilikuwa na vyumba vitatu na bati jekundu, nguo za wapangaji zikiwa bado kambani. Ilisimama mbele ya geti, ikahema kidogo. Jirani alitoka kulalamika kwamba imeziba njia.

Fundi aliitambua bila kuambiwa. Wiki moja kabla ya ndoa, mumewe alimletea mkataba: kila mtu abaki na chake, hata wakiachana. Ukurasa wa pili mwanamume alitamka kwamba hana nyumba wala kiwanja. Chini yake fundi aliandika "nimeridhika". Alidhani ni adabu tu, kama mgeni anavyosema ameshiba.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya huyu ilichukua miaka kumi na tisa. Sasa talaka ilikuwa mezani, na fundi alitakiwa aondoke mwisho wa mwezi, yeye na cherehani yake.

Wakili wake alifurahi. "Mkataba wa uongo hauna miguu, mama," alimwambia. "Hiyo nyumba ije tu mahakamani."

Ikaja, ikakaa chini ya dirisha kungoja kuitwa. Hakimu alichungulia, akaandika kwamba ameiona. Kisha akamuuliza mume kama anaijua.

"Siijui, mheshimiwa," mume alijibu, mkavu wa macho. Nje, chumba cha kwanza kikaanguka bila kishindo. Wapangaji wakahamia cha pili.

Aliulizwa tena, akasema hajapata kuiona maishani. Kikaenda cha pili, pamoja na nusu ya bati. Fundi akainuka.

"Mwenzangu, usiimalize," alimwambia mumewe. "Nitalala wapi mimi?"

Hakimu alimtaka akae, akauliza mara ya tatu, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi tatu.

"Hakuna nyumba," mume alisema, na kweli haikuwapo tena.

Hakimu alichungulia dirishani, akaona watu uwanjani na masufuria yao. Aliamua kwamba tamko la mume ni la kweli na mkataba unabaki kama ulivyo. Wakili alifunga faili, akampa fundi pole.

Nje, mpangaji mmoja alimkaribia.

"Mama, samahani. Hapa palikuwa na nyumba yetu."

Fundi alitazama vumbi lililotulia.

"Hapakuwa na nyumba," alisema, kama ilivyoamuliwa, akainama kuwasaidia kubeba vyombo.