Ndoo ya Mama Mkuu

Asubuhi hiyo mkunga hakugusa hata chai. Jamani, si jambo dogo! Marehemu Mama Mkuu, sista aliyeanzisha shule ya wasichana kwenye banda la farasi, huenda akatangazwa mtakatifu, na mkunga, mwanafunzi wake wa kwanza, kaitwa kutoa ushahidi.

"Mdomo uliponza kichwa," wifi yake alimkumbusha wakipanda ngazi za parokia. "Ile habari ya ndoo, imeze. Ukiibwaga tu, utakatifu kwaheri."

"Nitaapa kwa Biblia, wifi."

"Apa, kisha usahau. Uzee si unao?"

Ndani walimkuta padri mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kumtafutia marehemu dosari. Mkunga alimchukia papo hapo. Aliapa, akaketi, akajibu vizuri kuhusu sala, upole na wagonjwa waliouguzwa. Mambo yalikwenda sawia mpaka padri alipoinua macho.

"Aliwahi kupandwa na hasira?"

Wifi akakohoa kikohozi cha bandia. Akisema, anamharibia Mama. Akinyamaza, ameapa uongo, na aliyemfundisha kuchukia uongo ni Mama yuleyule. Liwalo na liwe!

"Alimmwagia mtu maji machafu, Padri. Ndoo nzima, mbele za watu."

"Mtu gani?"

"Baba yangu. Alikuja darasani kunitoa akaniozeshe kwa mchinjaji mmoja, mzee wa rika lake. Ananivuta mkono, mimi nalia, Mama yuko pale anadeki. Basi! Baba alitoka mbio, suti inachuruzika, na hakurudi tena."

"Alijuta?"

"Baba?"

"Mama Mkuu."

"Alijuta sana. Alisema angejua, angejaza ile ndoo kubwa."

Wifi alishika kichwa. Mkunga akaona amekwisha kuiua kazi ya watu wote kwa ulimi wake, na machozi yakaanza kumlenga.

Padri alivua miwani. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

"Wiki nzima mnaniletea malaika," alisema, "na malaika simwamini hata mmoja. Leo ndiyo kwanza mmeniletea mtu. Hebu endelea, mama. Baada ya hapo alifanya nini?"

Mkunga alijawa na furaha hata akashindwa kukaa, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Alipangusa mikono, Padri, akatuambia tufungue madaftari. Tulikuwa kwenye hesabu za kugawanya."