Gari Jeusi Halioshwi Juani

Mwanangu Theonest huja kwangu kama karani wa sensa. Anafika saa sita mchana, anauliza hali ya watu wa nyumba hii ilhali anajua ni mimi peke yangu, anatazama migomba, anatazama mbuzi, anakula, anaaga. Saa tisa gari lake limeshashika njia, anakwenda kulala gesti Biharamulo. Analipia kitanda cha watu, na chake kipo hapa Rulenge, nimekitandika shuka mpya kwa mkono wangu.

Sababu hazimwishii. Mara msitu wa njiani una majambazi, si wa kupita jioni, mara kesho asubuhi ana kikao, mara tumbo. Msitu wenyewe siku hizi malori ya Rwanda na Burundi yanaupita usiku na mchana, na madereva wake wala hawana habari. Mimi nilikuwa namwomba alale, akikataa nanyamaza. Nilidhani anaionea haya nyumba yetu, maana huko Mwanza amezoea dari na maji ya ndani, na hapa ukuta haufiki hata kwenye bati. Lakini tangu mzee wangu Juvenali afariki mwaka juzi, nyumba imebaki na pumzi ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa mpweke, sioni haya kusema. Nilifika mahali pa kumjibu mtangazaji wa redio anapotusalimu asubuhi. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: Theonest alale kwangu siku moja, nisikie mtu mwingine akikohoa humu ndani, kukicha nimkorogee uji.

Alhamisi alifika kama kawaida yake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanipa sukari na kanga. Gari lake ni jeusi, lakini siku hiyo lilikuwa jekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo. Akaniambia Jumamosi litabeba maharusi. Rafiki yake Bulugu, Msukuma wa kule Nyabusozi, anaoa, na gari la maharusi ni hilo. Akasema ataliosha akishafika mjini. Halafu akachukua kilo nyingine ya sukari garini na kushuka kwa miguu kumsalimia baba yake mdogo, Ndayisaba, kule bondeni ambako gari halifiki. Angeondoka mara tu akirudi, alisema hivyo hata kabla sijamuuliza.

Nikabaki uwanjani natazamana na lile gari.

Ni vizuri mjue kwamba mimi naifahamu kazi ya kuosha gari. Juvenali alikuwa dereva wa misheni, na gari alilopewa lilikuwa jeusi pia, la mapadri wazee. Kila Jumamosi jioni alilileta hapa uwanjani, tukaliosha watatu, yeye, mimi na Theonest akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Juvenali hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa gari alikuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Gari jeusi halioshwi juani, alituambia kila mara, kwa sababu maji yakikaukia juu ya bati la moto yanaacha madoa, na rangi nyeusi haisitiri doa. Lioshwe jua likishazama, au kivulini. Anzia paa, shuka boneti na milango, matairi yawe ya mwisho. Suuza kwa maji ya mvua, kwa sababu yale ya kisima yana chokaa. Na usiliache likauke lenyewe hata kidogo, futa kwa kitambaa laini upande mmoja baada ya mwingine.

Basi siku hiyo nikafanya kinyume chake, makusudi kabisa. Tanki langu la maji ya mvua lilikuwa limejaa, sikuligusa. Nilikwenda kisimani, kile cha kupampu kwa mkono ambacho maji yake yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Jua lilikuwa la utosi. Nikapiga sabuni kuanzia paa hadi matairi, kwa mazoea tu, nikasuuza, nikakaa kizingitini na mikono yangu mapajani, nikaliacha jua lifanye kazi yake.

Jirani yangu Francisca alipita na jembe lake akasimama. Akataka kujua tangu lini bibi mzima anaosha magari, na kama kuna mshahara ili na yeye aje. Nikamwambia aendelee na safari yake. Alicheka hadi akapotelea migombani, na mimi nikaona aibu kidogo, lakini si ya kunifanya nichukue kitambaa.

Lilipokauka, lilikuwa la kutisha. Kila tone lilikuwa limeacha duara lake jeupe, kwenye boneti, kwenye milango, kote. Lilifanana na mtu aliyetoka kupaka nyumba chokaa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Theonest hawezi kupeleka gari la namna hiyo harusini. Nitamwambia asiwape vijana wa mjini, watalisugua kwa brashi ngumu walichubue. Nitamwambia tusubiri jua lipoe, tuyatoe madoa kwa maji ya ndimu kidogo, tusuuze kwa maji ya mvua. Tukimaliza itakuwa jioni, na jioni yeye mwenyewe ndiye anayesema msitu haupitiki.

Alirudi, akalizunguka gari lote. Mimi nikaimba wimbo wangu wote, brashi ngumu, ndimu, jua kupoa. Nikaongeza kwamba nilitaka kumsaidia tu. Akanitazama, akatazama tanki, akatazama tena gari. Kisha akalisogeza hadi kwenye kivuli cha mparachichi, akavua shati la safari na kukaa kwenye benchi kungoja. Moyo wangu ulifurahi, nikaenda kuchambua mchele.

Jua lilipoinama tukaanza. Sikuwa na haja ya kumwelekeza. Alianza paa, akashuka boneti, mkono wake ukienda vilevile kama wa baba yake, taratibu na bila kurudia mahali. Mimi nilimfuata nyuma na kipande cha kanga kuukuu nikifuta. Gari lilianza kurudi jeusi, hata nikaiona sura yangu mlangoni, na sikuipenda sana. Tulikuwa tumebakiza mlango wa nyuma aliposema.

"Mama, baba alitufundisha sote wawili."

Nikamwambia nimezeeka, nimesahau.

"Hujasahau. Michirizi inaonyesha umeanzia paa, matairi umeyaosha mwisho. Mtu aliyesahau angeanzia popote." Akakamua sponji. "Si ungeniambia tu nilale."

"Nimekuambia kila ulipokuja."

Aliendelea kukamua ile sponji wakati haikuwa na maji tena. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, akiutazama mlango wa gari na si mimi. Juvenali alipozidiwa tulimhamishia chumba cha Theonest, kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Alfajiri ile mimi nilikuwa jikoni nachemsha uji, Theonest ndiye aliyekuwa naye. Hayo nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba yake alimwomba amgeuze upande wa dirishani, akamgeuza, na alipomaliza kumgeuza alikuwa ameshika mtu aliyekufa. Alikaa naye hivyo mpaka nilipoingia na kikombe. Tangu siku hiyo, akasema, akikifikiria kile kitanda mikono yake inahisi uzito uleule.

"Siwezi kulala mle, mama. Si kwamba naidharau nyumba yenu. Siwezi."

Ningeweza kumhurumia tu, na nilimhurumia. Lakini hasira nayo ilinipanda, hasira ya mwaka juzi na mwaka jana, na shuka zote nilizotandika na kutandua bila mtu kuzilalia.

"Na mimi je? Mimi nalala nyuma ya ukuta uleule kila siku. Ukuta haufiki juu, Theonest. Kile chumba nakisikia kilivyo kimya."

Nikageukia gari nikajifanya nafuta boneti iliyokwisha kukauka. Nilijua ameshika ufunguo mfukoni, nilisikia mlio wake, na jua lilikuwa bado halijazama sawasawa, angeweza kufika barabara ya lami kabla ya giza. Nikajiandaa kuagwa. Nilishazoea.

Buti likafunguka. Likafungwa. Nilipogeuka, alikuwa ameshika begi lake dogo, anaelekea nyumbani. Alifika kizingitini akasimama, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango, na asiendelee. Mgongo wake ulikuwa wa mtu mzima, lakini ulivyosimama ulikuwa wa mtoto aliyetumwa gizani. Nikadhani atarudi.

"Mama," aliita bila kugeuka. "Tangulia wewe, nikufuate."

Sikumwambia kwamba na mimi chumba kile huwa naingia mbio, natandika, natoka. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa bado unachuruzika maji ya ndimu, hatujausuuza wala kuufuta. Niliuacha ujikaukie unavyotaka. Nikaning'iniza kanga begani, nikapita mbele yake, tukaingia.