Za Kutulia

Kiharusi kilipompiga mwalimu wa kwaya, kilimchukua mkono wa kulia na kauli yote. Masikio kilimwachia. Tena yalikuwa masikio makali, yale yaliyozoea kumkamata mwimbaji mmoja aliyepotoka katikati ya arobaini.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alihamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa, na kando yake akaweka kompyuta ambayo mumewe alikuwa ameijaza nyimbo miaka nenda miaka rudi, zimerundikana kama nguo za mitumba. Muziki hakuujua, alijua mshono. Basi akazipanga kwa akili yake. Kila wimbo una nafasi ya kuandikia aina yake, na pale ambapo wengine huandika rumba au taarabu, yeye aliandika Za Uji, Za Kuoga, Za Kunyoosha Mkono, Za Wageni Wasioaga. Nyingi kuliko zote aliziweka katika Za Kutulia, kwa maana zikipigwa hizo mgonjwa aliacha kuhangaika, akageukia ukuta, akawa kimya. Hapo naye alipata kushona kola mbili tatu bila kuinuka.

Siku moja alikwenda kununua uzi, akamwachia mgonjwa shemeji yake, mdogo wa mwalimu, mtengenezaji wa kompyuta. Shemeji aliifungua ile kompyuta, akacheka, kisha akaona haya kwa niaba ya kaka yake. Mtu amefundisha kwaya nusu ya maisha yake, leo nyimbo zake zinaitwa Za Uji? Akazipanga upya zote: rumba huku, kwaya kule, taarabu na jazi mahali pake. Fundi aliporudi, akamwonyesha kwa fahari.

Fundi alikaa chini na uzi wake mapajani. Hakugomba. Aliuliza tu kama majina ya mwanzo yangeweza kurudi, akaambiwa yamekwisha kufutika.

"Sasa akianza kuhangaika, shemeji, nimpigie nini?"

Shemeji akavuta kiti, akamwomba radhi, akasema waanze upya pamoja. Yeye angebonyeza kila wimbo upigwe, fundi amwambie cha kuandika.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa na mtu wa kuibonyeza, na cherehani imefunikwa, fundi alijikuta hana kitu mikononi. Akaketi kitandani, uso kwa uso na mumewe. Walikwenda hivyo wimbo baada ya wimbo, mpaka ukafika mmoja wa kwaya, wa sauti nne.

"Huo wa Kutulia," alisema bila kufikiri.

Mkono wa kushoto wa mgonjwa ukaja taratibu, ukamshika. Fundi akamtazama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na midomo yake ilikuwa ikiifuata sauti ya tatu, ile aliyozoea kuiimba mwenyewe, isiifikie.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye alikuwa amekisikia kimya tu. Miezi yote ile mwenzake alilia akiutazama ukuta, naye amempa mgongo, anakanyaga cherehani na kumshukuru Mungu kwa utulivu.

"Mwalimu, nizime?"

Mgonjwa akatikisa kichwa.

"Unataka kuusikia?"

Akaitika kwa kichwa, na mkono hakuuachia.

Shemeji alisubiri, vidole juu ya herufi. Fundi akamwambia aandike: Za Kukaa Naye.

Kauli haikurudi, wala mkono wa kulia haukuinuka tena. Nguo za wateja zilianza kuchelewa, na baadhi yao wakahamia kwa fundi mwingine. Shemeji akawa anakuja kila Jumapili, anaketi upande wa pili wa kitanda na kuimba besi, tena vibaya. Kaka yake, ambaye zamani angemtoa safuni kabla ya ubeti wa pili, alimwacha aimbe.