Bendi Ilipoingia Munyaka

Mjini Eldoret kila mtu alijua bendi ya shule ni ya kazi gani. Mkubwa wa serikali akija, bendi inatangulia. Ndiyo maana ngoma zikisikika tu, watu walifunga maduka, wakavunja matawi ya kupunga, wakajipanga kando ya barabara kabla hata ya kuambiwa anapita nani.

Mwalimu Ephantus alikuwa amechoka na mambo hayo. Desemba ya mwaka 1982, shule zilipofungwa, aliwakusanya wanabendi wake wanaoishi mjini.

"Hatungoji kuitwa uwanjani," aliwaambia. "Likizo hii tutaingia mitaani tuwapigie watu nyimbo za Krismasi. Kibali cha chifu ninacho. Tuanzie wapi?"

"Munyaka," Awuor akasema haraka, hata wenzake wakageuka kumtazama.

Awuor alikuwa kidato cha tatu, na ndiye aliyepiga tarumbeta ya kwanza, ile inayofungua wimbo kabla ya wengine kuingia. Munyaka ndiko kwao. Mama yake, Leonida, hakuwa ametoka nje ya nyumba tangu Agosti, baada ya jaribio la kupindua serikali, walipokuja makachero wenye makoti wakamchukua Oketch, kaka yake Awuor aliyekuwa chuo kikuu. Hakuna aliyeambiwa alikopelekwa. Majirani waliacha kubisha hodi. Hawakuwa na ubaya, waliogopa tu kuonekana mlangoni. Leonida alishinda ameketi kwenye kitanda cha mwanawe, akiutazama ukuta.

Awuor mwenyewe hakuwa amelia. Alipika, akafua, akapiga tarumbeta, na ndani yake kulikuwa na ganzi kama ya mguu uliokaliwa vibaya. Alichotaka ni kitu kimoja: mama yake atoke nje. Akisikia tarumbeta mlangoni, labda atatoka aone.

Jumamosi waliingia kwa upande wa madukani. Walipoanza wimbo wa kwanza, watu walitoka mbio.

"We! Kumbe sisi ni maarufu hivi?" akasema Ismail, mpiga ngoma kubwa, akitabasamu hadi masikioni.

Tabasamu halikudumu. Mzee mmoja alikuwa akifunga tai haraka haraka, macho barabarani. Watoto walikuwa wakisukumwa nyuma ya mfereji. Mama Sahra, Msomali mwenye duka la vitambaa, alikuwa akiteremsha mlango wake wa bati.

"Mama Sahra, mbona unafunga?" Ismail akamuuliza wimbo ulipoisha. "Tumekuja kuwachangamsha."

"Nichangamke nikiwa ndani ya seli? Anafika saa ngapi?"

"Nani?"

"Kijana, usinifanye mjinga. Mwaka jana jirani yangu alichelewa kufunga, akaulizwa yeye ni wa chama gani. Na chama ni kimoja! Sasa mtu atajibu nini?"

Watu walio karibu walicheka, kisha wote wakageuka kutazama ni nani aliyewasikia.

Bendi ikapiga wimbo wa pili. Hakuna aliyecheza. Walisimama wima kwa mistari miwili, matawi mkononi, macho yote kule barabara inakotokea. Ndipo, ng'ambo ya barabara, mlango wa kina Awuor ukafunguka.

Leonida alitoka amevaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa, kitambaa cha buluu kichwani, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa ameoga. Majirani walimpisha, zaidi ya ilivyohitajika, naye akapita katikati yao hadi mbele kabisa. Alisimama pale mikono imekunjwa, midomo ikichezacheza kama ya mtoto anayekariri mistari ya kusema kanisani.

Awuor alielewa mara moja. Mama yake hakuitikia tarumbeta. Alikuwa amekuja kumngoja mkubwa, amwombe mtoto wake.

Awuor alingoja furaha ije, au uchungu. Havikuja. Alichojua ni kwamba wimbo ukiisha, Mwalimu atawaambia watu ukweli, na mama yake atarudi kukaa kitandani. Kwa hiyo wimbo ulipoisha, Awuor alianza wa tatu bila kungoja fimbo ya Mwalimu. Wengine wakaingia nyuma yake kwa mazoea. Akaanza wa nne. Ismail akamkazia macho: una wazimu? Walimaliza nyimbo zote za Krismasi wanazozijua, wakarudia wa kwanza, hata midomo ya Awuor ikavimba na sauti ikaanza kukatika. Mwishowe ilitoka pumzi tupu.

Mwalimu Ephantus akaitumia nafasi hiyo.

"Ndugu zangu," alisema, "tulieni. Hakuna mgeni anayekuja. Ni sisi tu, tumekuja kuwatakia Krismasi njema."

Matawi yakashuka. Wapo walioguna, wapo waliocheka wakishusha pumzi. Mtu mmoja akauliza, "Sasa twende?" kana kwamba hata hilo lilihitaji ruhusa.

Leonida hakugeuka. Aliitazama barabara iliyokuwa tupu mpaka mwisho. Kisha akapiga hatua moja mbele na kuanza kusema, kwa sauti kubwa, yale aliyokuwa ameyaandaa.

"Mheshimiwa. Mimi ni Leonida, mama yake Oketch. Mtoto wangu alichukuliwa asubuhi, sabuni bado iko usoni, hata ndevu hakumaliza kunyoa..."

"Pigeni!" Mwalimu akanong'ona, jasho likimtoka. "Wimbo wowote! Awuor, anza!"

Hakuwa mtu mbaya. Kibali kilikuwa na jina lake, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto. Ismail aliinua fimbo ya ngoma, akamtazama Awuor. Tromboni zikapanda mdomoni. Hakuna aliyeingia, kwa sababu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba bila tarumbeta ya kwanza hakuna kuingia.

Awuor aliinua tarumbeta hadi kidevuni. Midomo ilikuwa imepumzika kiasi cha kutosha wimbo mmoja. Akaishusha.

"...Kama amekosa, apelekwe kortini nimwone kwa macho," Leonida aliendelea. "Kama amekufa, nipewe, nimpeleke nyumbani nimzike karibu na babake. Siombi kingine. Ni hayo tu, Mheshimiwa."

Wengine walitazama viatu vyao. Mzee wa tai alianza kurudi nyuma polepole, akapotea kichochoroni. Lakini mlango wa bati ukalia, na Mama Sahra akaupandisha tena mpaka juu.

"Tumesikia, Mama Oketch," alisema.

"Tumesikia," akaitikia mwanamke mwingine, kwa sauti ya chini.

Mwalimu Ephantus alikuwa tayari anakunja karatasi za nyimbo na kuwahimiza vijana wabebe ngoma. Awuor hakumfuata. Machozi aliyoyangoja tangu Agosti hayakuja hata sasa. Alivuka tu barabara, akasimama kando ya mama yake, pale ambapo gari la mkubwa lingesimama.